Hita ya gesi haiwaki: chunguza haya kabla hujanunua kadi mpya

Fundi akikuambia "kadi imeungua", muulize amepima nini. Kauli hiyo imeuza kadi nyingi ambazo hazikuhitajika. Kwenye hita ndogo za maji za gesi, zile za lita 6 mpaka 10 kwa dakika zinazotumia betri mbili kubwa, kadi ya umeme, yaani kibao cha elektroniki kinachoongoza hita, ndiyo hulaumiwa mwanzo na mara nyingi ndiyo nzima kuliko sehemu zote. Kadi haina la kufanya mpaka iletewe vitu vitatu: umeme wa kutosha wa betri, habari kwamba maji yanapita, na habari kwamba moto umeshika. Kimoja kikikosekana inanyamaza au inafunga gesi, na hapo inakuwa imefanya kazi yake.

Nililijua hili kwa gharama. Hita ya nyumbani kwangu Arusha iligoma mwezi wa saba, baridi imekaza. Nikaweka betri mpya, bado. Nikanunua kadi, nayo ikagoma. Kumbe zile betri nilizotoa kwenye pakiti zilikuwa dhaifu tangu dukani. Kadi ya zamani ipo kwenye droo mpaka leo, nzima kabisa.

Kabla hujagusa bisibisi

Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote ya umeme, toa watu nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia chini sakafuni na kwenye mashimo ya maji taka. Harufu kupungua usawa wa pua haina maana kwamba imeisha. Uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio. Kiberiti hakihusiki hapa kamwe.

La pili ni moshi usioonekana. Gesi ikiungua bila hewa ya kutosha inatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kinamgonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, na anaweza kufia bafuni maji yakiendelea kutiririka. Hita ya namna hii mahali pake ni nje ya bafu, penye hewa, au iwe na bomba la moshi linalotoka nje kabisa. Kama yako iko ndani ya bafu bila bomba la moshi, usiendelee kusoma ili uiwashe. Mwite fundi aihamishe.

Hita nzima inavyofanya kazi

Ukifungua bomba la maji ya moto, maji yanasukuma kiwambo cha mpira kilicho kwenye chombo cha chini cha hita. Kiwambo kinasukuma kijiti, kijiti kinasogeza swichi ndogo pembeni. Swichi ikigeuka, kadi inaamka kwa volti 3 za betri mbili na kufanya mambo mawili kwa pamoja: inarusha cheche, ndiyo ule mlio wa tik-tik-tik, na inavuta vali ya gesi kwa sumaku ya umeme. Moto ukishika, pini iliyosimama ndani ya mwali inapitisha mkondo mdogo mno wa umeme kupitia moto wenyewe hadi kwenye chuma cha bana, yaani kichomeo chenye matundu ya kutokea moto. Kadi ikiuona mkondo huo inaacha cheche na kuishikilia vali. Isipouona ndani ya sekunde chache, inafunga gesi.

Kwa hiyo sikiliza kwanza. Ukimya, cheche bila moto, na moto unaozima ni magonjwa matatu tofauti, na dawa zake hazifanani.

Unafungua maji, kimya kabisa

Betri ndizo za kwanza, hata kama ulizibadilisha wiki iliyopita. Zinazotakiwa ni saizi D, betri nene zile za redio za zamani, na ikiwezekana za alkalini. Betri mpya ya alkalini inasoma volti 1.5 na kidogo juu yake. Ikiwa chini ya 1.3 mimi siiamini, hata kama bado inawasha tochi. Usichanganye nzee na mpya. Tazama pia vibati na springi za sanduku la betri: pakiwa na ukungu wa kijani au unga mweupe, futa kwa siki au maji ya limau kwenye kitambaa, kausha, pitisha msasa laini. Sanduku liko chini ya hita, mahali ambapo kila tone linalovuja hupitia, ndiyo maana linaoza mapema.

Betri zikiwa nzima, nenda kwenye maji. Hapa ndipo nyumba zetu zinapotofautiana na zile alizozifikiria mtengenezaji. Wengi tunaoga maji ya tangi, na kila mita moja ya kimo kutoka maji ya tangi hadi shawa inakupa presha ya baa 0.1 tu. Soma kibandiko cha hita uone inataka presha gani ya chini. Ikiandikwa 0.02 MPa, hiyo ni baa 0.2, yaani tangi liwe juu ya shawa kwa mita 2 zisizo na mzaha, na bado bomba jembamba na viwiko vitakula sehemu yake. Tangi lililowekwa juu ya dari la nyumba fupi mara nyingi halifiki. Hapo hakuna kadi itakayokusaidia. Inua tangi au weka pampu ndogo.

Kipimo rahisi: fungua kichwa cha shawa ukitoe kabisa, kisha fungua maji. Hita ikiamka, shawa ndiyo imeziba. Isipoamka, funga koki ya maji, fungua nati ya upande wa maji baridi, utakuta wavu mdogo. Usafishe kwa mswaki. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, wavu huo unaweza kuwa umejaa mchanga na ukoko mweupe kiasi cha kushangaa kwamba maji yalikuwa yakipita.

Hita iliyofungwa jana ikakaa kimya tangu siku ya kwanza, tazama kama mabomba hayajageuzwa. Maji baridi yakiingizwa upande wa kutokea maji moto yatapita vizuri tu na utajaza ndoo, lakini kiwambo hakitasukumwa.

Zaidi ya hapo unahitaji kufungua kasha la mbele, gesi ikiwa imefungwa mtungini. Mtu mmoja afungue bomba, wewe utazame kijiti. Kisipotoka, kiwambo kimechanika au kijiti kimegandwa na ukoko. Kiwambo ni mpira wa bei ndogo, ila kukibadilisha kunataka kufungua chombo chote cha maji, na kwenye hita nyingi chombo hicho kimeungana na cha gesi. Kama hujawahi kuifanya, mwachie fundi. Kijiti kikitoka na bado kimya, chomoa plagi ya swichi ndogo na upime kwa maltimita (kipimo cha umeme): usomaji lazima ubadilike maji yakifunguliwa na kufungwa. Usipobadilika, swichi imekufa, nayo ni kitu kidogo kinachouzwa peke yake.

Usiunganishe waya za swichi hiyo moja kwa moja "ili ujaribu". Ukifanya hivyo na gesi ikiwa wazi, hita inaweza kuwaka bila maji kupita ndani yake, na radieta ya shaba, ile inayopashia maji joto, inaweza kuharibika kabla hujafika kwenye mtungi.

Cheche zipo, moto hakuna

Angalia mtungi kabla ya kufungua kasha. Umefunguliwa? Una gesi? Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Upime kwenye mizani utoe hesabu. Ukiwa umebadilisha mtungi sasa hivi, mpira umejaa hewa. Funga na kufungua maji mara tatu au nne, ukipumzika kidogo kila mara, gesi itafika. Vali ya mtungi ifunguliwe polepole, kwa sababu baadhi ya regulata zina kinga inayojifunga gesi ikikimbia ghafla.

Regulata nayo ina maneno. Hita inataka ya presha ndogo, ile ya kawaida ya jiko la nyumbani inayotoa milibaa 28 hadi 30 hivi, lakini iwe na uwezo wa kupitisha gesi nyingi. Piga hesabu: hita ya lita 6 ina nguvu ya kilowati 12 hivi, na kilo moja ya gesi ina nishati ya kama kilowati-saa 12.8. Ikiwaka kwa nguvu zote inakaribia kula kilo 1 kwa saa. Ya lita 10 inakula kama kilo 1.5. Regulata iliyoandikwa kilo 1 kwa saa ambayo pia inalisha jiko jikoni itazidiwa. Regulata ya presha kubwa, ile ya majiko ya migahawa yenye skrubu ya kuongeza, usiifunge kwenye hita hata kwa kujaribu.

Soma na kibandiko. Hita iliyotengenezwa kwa gesi asilia ina matundu makubwa kuliko ya gesi ya mtungi na hazibadilishani kienyeji. Baadhi ya hizo za mitumba kutoka nje huja hivyo.

Sasa cheche zenyewe. Funga gesi, subiri usiku, zima taa, fungua maji na uchungulie kwenye kidirisha. Cheche nzuri ni ya buluu-nyeupe, inaruka kutoka ncha ya pini ya cheche hadi kwenye bana, umbali wa milimita 4 au 5. Ukiona inaruka pembeni, kaure ya pini ina ufa au ngozi ya waya imetoboka. Ikiwa ya njano na ya kusuasua, rudi kwenye betri. Waya huo usiushike cheche zikiruka. Umeme wake ni wa maelfu ya volti, mdogo kwa nguvu lakini utakurusha mkono ukajigonge kwenye kasha.

Kuna jambo moja linalowapoteza wengi. Betri zilizochoka zinaweza kurusha cheche vizuri tu, zikashindwa kuvuta vali, kwa sababu kuvuta ndiko kunakotaka mkondo mkubwa. Mtu anasikia tik-tik, anasema betri ni nzima, anaanza kufukuza gesi. Weka sikio: pamoja na cheche ya kwanza unatakiwa usikie "tak" moja ya vali. Hakuna "tak", badilisha betri kabla ya yote, tena za duka lingine. Bado hakuna, chomoa plagi ya vali upime koili. Vali nyingi za hita za betri zina koili mbili: ya kuvuta yenye ohmu chache, na ya kushikilia yenye ohmu nyingi zaidi. Ikisoma wazi, yaani haina njia kabisa, koili imekatika na vali inabadilishwa na fundi, kwa kuwa hapo unafungua njia ya gesi.

Inawaka kwa kishindo

Hapa simama. Mlio wa "bupu!" maana yake gesi ilijikusanya kabla cheche haijaifikia. Chanzo huwa cheche dhaifu, pini iliyopinda, bana yenye masizi au utando wa buibui kwenye matundu yake, au presha iliyozidi. Buibui anapenda sana humo, hasa hita ikikaa miezi ya joto bila kutumika. Usiendelee kujaribu mara ya pili na ya tatu uone kama itajirekebisha. Funga mtungi, mwite fundi.

Inawaka, halafu sekunde chache inazima

Hiki ndicho kilio cha kawaida baada ya betri, na kina njia panda nzuri sana. Moto ukishawaka, sikiliza: cheche zinaendelea kulia au zimenyamaza?

Zikiendelea kulia huku moto unaonekana, kadi haiuoni moto. Karibu kila mara ni pini ya moto. Iko upande wake peke yake, ina waya mmoja, na imesimama kuelekea kwenye mwali. Masizi na utando mweupe huifunika mpaka ule mkondo mdogo haupiti. Funga gesi, acha hita ipoe, isugue kwa msasa laini hadi chuma king'ae, ufute vumbi. Usiipinde; ncha yake lazima iguswe na mwali. Kisha fuata waya wake hadi kwenye plagi uone kama haujalegea.

Pini ikiwa safi na bado, tafuta waya wa bodi, ule uliofungwa kwa skrubu kwenye chuma cha hita. Huo ndio unaorudisha mkondo wa moto kwenye kadi. Skrubu ikilegea au ikishika kutu, kadi inakuwa kipofu ingawa kila kitu kingine ni kizima. Sijui kwa nini mafundi wengi hawautazami. Ifungue, ikwangue, ikaze, kazi ya dakika tano.

Cheche zikinyamaza kisha moto ukazima, kadi iliuona moto na ikapoteza kitu kingine. Anza na maji: presha ikiwa ya kubahatisha, kijiti kinarudi na swichi inakata. Kisha betri, ambazo hushuka volti pale vali inapovutwa. Kisha koili ya kushikilia. Tazama pia moto wenyewe: mwali mfupi unaorukaruka juu ya bana maana yake gesi ni haba.

Inazima katikati ya kuoga

Kabla ya kulaumu chochote, tazama saa. Hita nyingi za namna hii zina kikomo cha dakika 20, zinajizima kwa usalama. Funga maji, fungua tena, itawaka.

Wengine huzima hita wenyewe bila kujua. Maji yakiwa moto mno wanafungua baridi kuchanganya, baridi inabana njia, maji yanayopita kwenye hita yanapungua, swichi inakata. Punguza moto kwa kitasa cha gesi, au geuza kile cha misimu (joto na baridi) ili safu chache za bana ziwake, na uache maji yapite kwa wingi.

Mtungi mdogo ni sababu ya tatu. Gesi iliyomo ni ya kimiminika na inahitaji joto ili igeuke kuwa mvuke. Mtungi wa kilo 6 ukinyonywa na hita ya lita 10 asubuhi ya baridi unatoa jasho, mara nyingine barafu ubavuni, na presha inaanguka ingawa gesi bado imo. Baada ya nusu saa unafanya kazi tena, na watu wanaapa ni kadi. Tumia wa kilo 15 au zaidi. Usiumwagie maji ya moto wala kuuweka juani kwa makusudi.

Halafu kuna kinga ya joto, kidude kama kifungo cha shati kilichobanwa kwenye radieta. Maji yakienda kidogo na moto ukiwa mkubwa, kinakata. Kikiwa baridi kinatakiwa kupitisha umeme, maltimita ilie. Kisipolia, badilisha. Fundi akikiunganisha waya "ili kisisumbue", mwambie airudishe kama ilivyokuwa mbele yako. Hali kadhalika kinga ya hewa pale ilipo.

Na hili lisipuuzwe: hita inayozima madirisha yakiwa yamefungwa na kuwaka vizuri yakiwa wazi, au yenye moto wa njano na masizi juu ya kasha, haina shida ya umeme. Inakosa hewa au imeziba. Usiitumie tena hata mara moja mpaka isafishwe.

Skrini inaonyesha mambo ya ajabu

Herufi E na namba hazina maana moja kwa hita zote; kitabu cha hita yako ndicho kinachojua, usichukue orodha ya kampuni nyingine. Namba ya joto ikiwa ya uongo, kihisi cha joto kwenye bomba la kutokea kimekatika, kimeingia maji au plagi yake imelegea. Kipime kikiwa baridi, kisha ukishike mkononi: ohmu lazima zishuke kadiri kinavyopata joto. Kwenye hita nyingine skrini ni ya kuonyesha tu, na hita itaendelea kuwaka vizuri hata skrini ikifa. Usihangaike nayo.

Umefunga maji, moto bado unawaka

Funga mtungi sasa hivi, kisha ndiyo usome. Maji yaliyosimama kwenye radieta yanachemka kwa muda mfupi na yatakaporuka yatakuunguza. Kijiti kimegandia nje, swichi imenata, au vali ya gesi haifungi. Huu si ugonjwa wa kujaribia nyumbani.

Lini uikubali kwamba ni kadi

Betri zenye nguvu zimepimwa kwenye plagi ya kadi yenyewe na volti 3 zimefika. Swichi ya maji inageuka. Kinga ya joto inapitisha. Pini safi, waya wa bodi umekazwa. Na bado hakuna cheche wala "tak", au cheche zipo lakini umeme haufiki kabisa kwenye plagi ya vali yenye koili nzima. Hapo ni kadi. Mara nyingi ukiifungua utakuta unyevu, sisimizi au alama ya kuungua.

Kadi mbadala zipo nyingi, ila zilinganishwe kwa idadi ya waya, umbo la plagi na volti, si kwa rangi ya kasha. Chukua picha ya waya zote kabla ya kuchomoa. Kama plagi haziingii na muuzaji anakwambia ukate ukaunge, rudisha. Na ikiwa hita yako ina feni na inachomekwa kwenye umeme wa ukutani wa volti 230, haya ya kufungua kasha hayakuhusu: chomoa, funga gesi, ita fundi wa umeme na gesi. Akifika, mweleze ulichosikia kwa mpangilio: ilikuwa kimya au ililia, vali iligonga au haikugonga, moto ulikaa sekunde ngapi, betri zilisoma ngapi. Kadi ya zamani akuachie.